Soksi ya Kiwanja cha Mwambani

Siku ya kumi na tisa baada ya ndege kupitiliza lami na kuvunjikia mwambani, serikali ilikumbuka kuleta mtu mwenye fomu. Aliitwa Abdirahim, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, viatu vya ngozi ambavyo mchanga wa Mwambani uliviaibisha kabla hajafika mlangoni. Alikuwa amekulia ukimbizini Nairobi, kwa hiyo Kiswahili alikijua, kile cha mtaa wa Islii kinachokwenda mbio. Alitaka apewe mtu mmoja anayekijua kiwanja tangu zamani, amtembeze na kumjibu maswali, basi. Wote waliokuwapo wakamtazama Mzee Athmani.

Athmani alikuwa na miaka sitini na sita, Mbajuni wa kisiwa cha Koyama, mshona matanga na mwana wa mshona matanga. Pale kiwanjani kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi kabla ndege haijatua, kufagia mchanga uliovamia lami, na kupandisha soksi, yaani ule mfuko mrefu wa kitambaa unaotundikwa juu ya mlingoti ili rubani aujue upepo. Soksi iliyoning'inia siku hiyo aliishona kwa mkono wake mwenyewe. Na kwa siku kumi na sita sasa alijua kwamba ndiyo iliyoua watu tisa, mmoja wao dada yake wa tumbo moja. Hakuna mwingine aliyejua. Aliyefungwa kwa ajili ya hao tisa alikuwa Taha.

Taha ndiye aliyekuwa mtu wa redio. Alizaliwa na watu wa kisiwa cha Chula, akakulia kambini Kenya, akajifunza Kiingereza huko kwenye darasa la mahema, akarudi na cheti. Ndiye Mbajuni pekee aliyekuwa na kiti katika kiwanja kile, na ukiona mambo yamekwenda kombo, mwenye kiti asiye na kabila kubwa nyuma yake ndiye wa kwanza kuinuliwa. Walisema alimwambia rubani hakuna upepo, na upepo ulikuwapo; hata wauza samaki walishuhudia kwamba ulikuwapo. Walisema alikuwa anatafuna mirungi, hakuinua kichwa kutazama. Taha hajapata kutafuna mirungi maishani mwake, lakini nani aliuliza.

Fomu ilikuwa na kurasa saba. Abdirahim aliibana kwenye kibao, akafungua kalamu, akauliza kiwanja kilijengwa mwaka gani.

Athmani alimwambia alivyojua. Marehemu baba yake na wanaume wengine wa visiwani waliletwa bara kuvunja mwamba kwa nyundo, wakalipwa unga na kitambaa, wakiambiwa kwamba ndege ya barua itakuwa inakuja kila Alhamisi. Ikaja kweli, miaka michache. Baadaye lami ikamwagwa, jengo likajengwa lenye saa ukutani na mwanamke wa kuuza soda. Kisha ikaja vita. Walioingia mwanzo walichukua saa na bati la paa. Waliofuata walichimba waya wa taa kwa ajili ya shaba, na wapo watu mjini Kismayo walioolea kwa shaba ile na wana wajukuu sasa. Wa tatu walikuta kuta tu, wakafungia ngamia humo. Wakati huo Athmani na jamaa zake wote walikuwa wamekwisha kimbia, nani kambini, nani Mombasa, nani baharini hakufika. Abdirahim alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaandika: mwaka haujulikani.

Wakaendelea. Urefu wa lami ni hatua elfu mbili na mia moja. Hatua za nani, aliuliza Abdirahim, na Athmani akasema zake. Taa hakuna, ndiyo maana ndege hutua mchana tu. Ukumbi wa abiria una mabenchi matatu, na matundu ya risasi yamezibwa kwa saruji na kupakwa rangi, ila rangi haikulingana, kwa hiyo ukuta una ndui. Choo kipo, maji hayapo. Mizigo hupimwa kwa mizani ya papa iliyoazimwa sokoni, na ukipakia begi lako hapo litanuka mpaka Nairobi. Gari la zimamoto ni pikapu yenye pipa na mpira wa kumwagilia. Siku ile pipa lilikuwa nusu, kwa kuwa akina mama walikuwa wamechota ya kufulia. Abdirahim aliuliza nani aliwaruhusu. Athmani akamuuliza nani angewanyima. Kijana akaandika kitu kifupi.

Walifika mwisho wa lami, upande wa kaskazini. Mkia wa ndege ulikuwa bado umesimama pale, mweupe, lakini mbavu zake zilikuwa zimeliwa. Watu walikuja na misumeno, na bati lile lilikwisha geuka masufuria. Mwamba ulikuwa mweusi kwa moshi. Pembeni, ndani ya ua wa miiba, yalikuwapo makaburi tisa. Joto halikuruhusu kungoja, wala hakikuwapo chombo cha kuwavusha wa visiwani kwao. Abdirahim alivua viatu, akasoma Fatiha. Akauliza kama mzee alikuwa na mtu humo.

"Dada yangu," alisema Athmani. "La tatu."

Mwanahija alitoka Koyama mwaka wa vita akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akaishia Mombasa, akazeekea huko akiuza mikate ya mofa. Miaka thelathini na zaidi alikataa kurudi. Kwa njia ya bahari alikwisha apa hapandi tena chombo, na kwa barabara kuna wenye bunduki. Athmani ndiye aliyempigia simu, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Alimwambia kwa lafudhi ya visiwani njoo, siku hizi tuna kiwanja, twashuka kama wachu. Na alipoona bado anasitasita, akamtia hamu kwa kumwambia kuhusu soksi. Alimwambia nimeshona tena, dada. Ndege ikishuka tazama dirishani, utaona kichu cha rangi ya gome la mkoko juu ya mlingoti, na kooni mwake nimetia alama ya baba. Alama ya baba yao ilikuwa misalaba mitatu ya uzi mwekundu. Mwanahija alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa akiusokota uzi ule. Wiki mbili baadaye alinunua tiketi.

Hapo ndipo jeraha lilipokuwa, na tuseme ukweli, liliingia kwa mlango wa majivuno. Soksi za zamani zililetwa kutoka Nairobi, za nailoni nyepesi ya rangi ya chungwa, na kusi la Mwambani, upepo ule mkali wa kusini, lilikuwa likizichana kabla ya mwezi wa pili. Mkuu wa kiwanja, bwana mmoja mpole jina lake Mukhtar, alichoka kuandika barua za kuomba nyingine. Akamwambia Athmani, wewe si fundi matanga, tushonee itakayodumu. Basi. Hakumwambia zaidi, na Athmani hakuuliza zaidi, kwani mtu aliyeanza kushika shazia, ile sindano nene ya matanga, akiwa na miaka tisa, ataulizaje namna ya kushona mfuko?

Alikwenda Kismayo akanunua maradufu, kile kitambaa kizito cha matanga. Akakikunja mara mbili. Akakichemsha na gome la mkoko mpaka kikawa chekundu cha udongo, akakipaka sifa, yaani mafuta ya papa, kisiliwe na chumvi, akakipinda kwa kamba ukingoni, kila mshono akiurudia. Siku kumi na moja alishona. Tangu vita hajapata kushona kitu, maana vyombo siku hizi ni vya mashine na matanga ni ya turubai la msaada, na mkono wake ulipoikumbuka kazi alilia, hakuficha. Siku waliyoipandisha kusi lilikuwa bado kali. Soksi ikajaa, ikanyooka, haikupiga hata kelele. Mukhtar akampa mkono mbele ya watu, akasema sasa tuna kiwanja.

Kisha kusi likapungua, demani ikaingia na pepo zake za wastani. Asubuhi ile Athmani alisimama karibu na ua akimngoja dada yake, amevaa kikoi kipya, na upepo ulimpuliza kisogoni kutoka kusini. Aliujua. Mtu wa Koyama hawezi kutoujua upepo ulio shingoni mwake. Akatazama juu, akaona soksi imelala kimya, akafurahi. Kwao tanga linaloshtuka kwa kila pumzi ni tanga lisilo na adabu, la fundi wa haraka. Tanga zuri hulala mpaka lije pepo la kuliamsha. Ndege ilikuja kutoka kusini, haikuzunguka, ikashuka moja kwa moja na upepo nyuma yake, unaoisukuma badala ya kuizuia. Iligusa lami katikati, mahali ambapo ilipaswa kuwa inasimama. Athmani alikuwa amekwisha inua mkono kupunga.

Siku ya tatu alipeleka chakula kituo cha polisi, yeye na Rawda, mkewe Taha. Taha alikuwa na jicho lililovimba. Alishika nondo za mlango akaeleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha eleza mara nyingi.

"Soksi haionyeshi upepo watoka wapi tu, ami. Yapima pia. Ikinyooka, upepo ni mkali. Ikiinuka nusu, ni wa kiasi. Ikilala, hakuna. Ndivyo tulivyofundishwa, na rubani ndivyo ajuavyo. Mimi ndani ya lile kontena la redio sisikii upepo, nina dirisha moja. Niliitazama mara mbili. Ilikuwa imelala, wallahi imelala."

Athmani alikuwa bado ameshika bakuli. Aliukumbuka upepo uliompuliza kisogoni asubuhi ile. Aliliingiza bakuli chini ya nondo, akasema kula, mwanangu, samaki ni wa leo.

Tangu siku hiyo alipeleka samaki kila adhuhuri, na kila alasiri Rawda alilirudisha bakuli nyumbani kwake. Bakuli la watu halirudi tupu, ndiyo desturi ya visiwani. Hata ukiwa huna, utatafuta. Rawda, mume yuko ndani na mshahara umekatwa, alilirudisha na ndimu mbili, au tende tatu, au kipande cha mkate wa juzi. Akamwombea Athmani dua, akamwambia kwamba watu wote wamewakimbia isipokuwa yeye. Athmani alizipokea ndimu zile. Kila siku alisema kesho nitasema, na kesho ilipofika alikuta ina kesho yake. Aliliogopa jina la baba yake. Aliogopa wasije wakasema Wabajuni wameua watu na kuwafukuza hata wale wafagiaji wanne waliobaki. Lakini kubwa lilikuwa jingine, nalo lilikuwa mfukoni mwake.

Ndege ilipokuwa inashuka, simu ya Mwanahija ilipata mtandao. Alimtumia ndugu yake sauti, sekunde kumi na moja. Mwili wake waosha maiti walimkataza Athmani asiuone. Picha zake ziliungua naye kwenye mkoba. Kilichobaki cha dada yake duniani ni zile sekunde kumi na moja, na kila alfajiri baada ya sala alizisikiliza mara moja, sikio juu ya simu. Alijua vizuri zina nini. Zingemtoa Taha siku hiyo hiyo. Na alijua polisi wakichukua kitu hakirudi.

Saa sita kasoro walifika kwenye mlingoti. Ilikuwa kazi ya mwisho katika ukurasa wa saba. Abdirahim aliomba soksi ishushwe aione, na Athmani akailegeza kamba, ikashuka. Kijana aliishika kwa mikono miwili, akaipima uzito, akaugeuzageuza mshono kwa kidole gumba. Uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Adeer, hapa nimeona vitu vilivyooza tangu asubuhi," alisema, akimwita ami kwa lugha ya kwao. "Hiki ndicho pekee kilichotengenezwa na mtu mwenye akili zake. Na hii nyekundu ya kooni ni nini?"

Athmani alisema ni alama ya fundi. Abdirahim akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Fomu yake ilikuwa na visanduku vitatu, nzuri, mbovu, haipo, akatia alama kwenye cha kwanza. Alisema kwa hiyo habari ya soksi imekwisha. Yule kijana wa redio amekuwa akijitetea kwamba ilikuwa imelala, na kila mzembe husema chombo kilikuwa kibovu. Kesho jalada litapelekwa mjini, naye atahukumiwa huko. Aliomba soksi irudishwe juu, akaanza kukusanya karatasi.

Athmani akavuta kamba. Soksi ikapanda, ikafika kileleni, ikalala. Kikoi chake kilikuwa kinampigapiga miguuni. Karatasi za Abdirahim zilitaka kuruka, akazibana kifuani kwa kiwiko akielekea garini. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema kifo cha nani. Athmani alimwona Rawda akilini, na ndimu zake mbili. Akaona kwamba kesho nyingine haipo tena.

"Mwanangu," alisema. "Iachie karatasi moja."

Abdirahim aligeuka, hakuelewa. Athmani akamfuata, akaichomoa mwenyewe karatasi moja tupu kutoka kwenye kibao, akaiachia. Upepo uliibeba juu ya lami, ikabiringika kwenda kaskazini, ikaenda mpaka ikawa nukta karibu na ule mkia mweupe. Kijana aliitazama mpaka mwisho. Kisha, polepole, akainua macho kwenye mlingoti. Soksi ilikuwa inaning'inia kama nguo iliyoloweshwa.

Athmani alitoa simu. Hakuiweka sikioni safari hii, aliunyoosha mkono baina yao, akabonyeza. Ngurumo ya injini ilisikika kwanza, halafu sauti ya mwanamke mzee mwenye furaha.

"Athmani, nduyangu, nimekiona kichu chako. Kimelala, hata hakitikisiki. Hakuna upepo, alhamdulillahi, twashuka vyema."

Abdirahim aliomba aisikie tena. Akaisikia. Alikaa chini kwenye jiwe la mlingoti, na shati lake jeupe likawa linapepea. Aliuliza ni nani aliyeishona, ingawa uso wake ulikwisha jua.

"Mimi. Athmani bin Nabil, wa Koyama. Kitambaa ni kizito. Niliishona kama tanga. Taha alitazama, na alichokiona ndicho alichokisema."

Kijana aliifungua tena fomu, akatafuta kile kisanduku alichotia alama, kalamu ikiwa inasita juu yake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hajui aandike nini, nzuri au mbovu.

"Iache nzuri," alisema Athmani. "Ingekuwa mbovu wangekuwa hai."

Simu ilichukuliwa, kama alivyojua. Abdirahim aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika namba juu yake, akamwambia kwa upole kwamba ni ushahidi, itahifadhiwa, labda mwakani ataulizia mjini. Athmani aliuliza kama angeweza kusikiliza mara moja tu ya mwisho. Kijana alitazama saa, akasema betri isije ikaisha kabla polisi hawajaisikia. Gari likaondoka.

Taha alitolewa alasiri ile ile. Athmani hakufungwa. Fomu haikuwa na mahali pa mtu kama yeye, kwa hiyo Mukhtar alimwambia akae nyumbani, ataitwa, na hakumpa mkono. Alikaa barazani na shazia yake akijaribu kuikumbuka ile sauti. Maneno alikuwa nayo yote. Mlio wenyewe, ule wa dada yake, ulikuwa umekwisha anza kumponyoka, na yeye hata hajala chakula cha mchana.

Ilipokaribia magharibi Taha alikuja. Alikuwa ameoga, amenyolewa, jicho bado la manjano. Mkononi alikuwa na bakuli. Athmani alisimama, lakini kijana hakuingia, alibaki kizingitini, na salamu yake ilikuwa fupi.

"Ulijua lini, ami?"

Athmani angeweza kusema leo. Nani angebisha.

"Siku uliponambia mwenyewe," alisema. "Mlangoni kwa polisi."

Taha alihesabu. Ilionekana anahesabu, macho yake yalikuwa kwenye sakafu na midomo ikisogea kidogo.

"Hiyo ilikuwa siku ya tatu," alisema. "Basi siku tatu ziliandikwa na Mungu, sina neno. Kumi na sita ni zako."

Aliinama akaliweka bakuli kizingitini, akageuka, akashuka njia ya pwani kwa mwendo wa mtu ambaye magoti yake yamezoea kukunjwa. Athmani alingoja mpaka hamwoni tena ndipo akaenda kuliokota. Lilikuwa limeoshwa vizuri, limesuguliwa kwa mchanga mpaka likang'aa, na ndani yake hamkuwa na kitu.